Kazi za Wote kwa Jina la Mwanangu

Maneno yalianza kwa Redio. Redio ni jirani yetu anayefanya usafi katika ofisi alimokuwa binti yangu. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, ila mtaa mzima unamwita hivyo, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, jioni unalisikia linarudi limeongezewa muziki. Alinifuata kazini, kule kwa dobi, nami nimesimama napiga pasi mashuka ya hoteli. Akajisogeza karibu na mvuke kama anayetaka kuota moto.

"Mama Sisimizi, mimi simo," akasema. "Lakini wanasema mwanao ana watu."

"Watu gani?"

"Wa kumfanyia kazi. Yeye amelala, wao wanafanya, jina linaandikwa lake. Wanasema hata siku ile mnamzika shangazi yake, yeye alikuwa kazini."

"Redio, siku ile alikuwa ubavuni kwangu. Bega langu lote lililowa machozi yake."

"Ndiyo hapo sasa! Kwako analia, na ofisini yupo anachapa kazi. Mtu mmoja mahali pawili. Mimi simo."

Akaenda zake, akaniacha na shuka linaanza kunuka moto.

Nilijaribu kuyapuuza. Nikajiambia watu wana wivu, binti ana kazi nzuri, anakaa kwenye kiti kinachozunguka, lazima asemwe. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilipiga pasi mpaka jioni, na kila shuka nililokunja nililikunja pamoja na maneno yale. Mtoto niliyemzaa namjua. Tunamwita Sisimizi tangu alipokuwa anatambaa, kwa sababu hakuwahi kuvuka chumba mikono mitupu: atabeba kijiko, atabeba kiatu, atabeba kifuniko cha sufuria. Mtoto kama huyo awe anafanyiwa kazi na watu? Na kama si hivyo, nani alifanya kazi kwa jina lake siku ya maziko?

Jioni alirudi amechoka, kama alivyokuwa akirudi siku zote. Alikuwa na uchovu wa macho, siyo wetu wa miguu. Alikaa jikoni bila kuvua viatu. Baba yake alikuwa amejilaza kwenye kochi sebuleni na mgongo wake mbovu, mlango uko wazi ili asipitwe na neno.

Nikamuuliza bila kuzunguka: "Siku tuliyomzika shangazi yako, ulifanya kazi ya ofisi?"

"Mama, simu yenyewe niliizima. Mbona?"

"Kwa sababu ofisini kwenu jina lako lilifanya kazi siku ile."

Alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini taratibu, akatazama ukuta wa jikoni kama unaosomeka. Hapo nikajua lipo.

"Nani kakwambia?"

"Usiniulize nani. Niambie ni nini."

Akanieleza. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, kwa hiyo alinieleza polepole, nami nawaelezea kama nilivyoelewa, maana kuna wazazi kama mimi ambao watoto wao wanafanya kazi hizi na hawajui hata cha kuuliza.

Ofisi yao inaandika programu inayotumiwa na kliniki kuwapangia wagonjwa siku na saa za kuja. Programu hiyo ni maandishi, kurasa na kurasa, na wanaoiandika ni wengi. Wakiandika wote mahali pamoja wataanza kufutiana kazi. Kwa hiyo kuna maandishi makuu, wanayaita shina. Kila mtu akipewa kazi anafungua tawi lake kutoka kwenye shina, anaandika humo, na akimaliza analisukuma tawi lake kwenye ghala la pamoja. Wenzake wanalikagua. Likikubaliwa ndipo linaunganishwa na shina. Na kinachoingia kwenye shina kinakwenda chenyewe mpaka kliniki zote, hakingoji mtu.

Sasa kulifungua tawi kuna amri zake, na kulisukuma kuna zake, na jina la tawi lazima lifuate utaratibu wa ofisi: namba ya kazi, kisha maneno machache. Watu walikuwa wanakosea kila siku. Huyu kasahau namba, yule kafungua tawi kutoka kwenye shina la juzi, mwingine kasukuma tawi la mwenzake. Meneja wao alikuwa anapiga kelele mpaka wakamwita Kengele. Sisimizi, kwa tabia yake ya kubeba kila anachokiona chini, akaandika skripti. Skripti ni maagizo unayoyaandika mara moja, kompyuta inayafuata kila ukitaka. Unaandika neno moja tu, inakuuliza namba ya kazi, inachukua shina jipya, inafungua tawi, inaliwekea jina sahihi, na mwisho wa siku inasukuma.

"Na hayo yote umeyatunga mwenyewe?" nilimuuliza.

"Hapana, nimetumia maktaba."

"Maktaba hii hapa mjini?"

Akacheka kidogo, na ndicho kicheko pekee cha jioni ile. "Siyo ya vitabu, mama. Ni amri ambazo watu wengine walishaziandika wakaziweka pamoja. Mimi naziita tu, zinakuja kunifanyia."

"Kama mafundi wa kukodi."

"Kama mafundi wa kukodi. Ila hawa hawaulizi chai."

"Basi ubaya uko wapi?"

Ubaya ulikuwa kwenye ufunguo. Ghala lile halifunguki hivi hivi. Kila mtu ana ufunguo wake wa maandishi, na ghala linajua ni nani kwa ufunguo aliokuja nao. Sisimizi alipokuwa anaijaribu skripti yake alichoka kuulizwa ufunguo kila mara, akauandika humo humo ndani. Ilikuwa ya kwake peke yake, kwenye kompyuta yake. Akasema atautoa.

Kisha akaja Pacha. Huyu ni rafiki yake wa ofisini; waliajiriwa siku moja, wakaitana pacha tangu hapo, na kwetu amekula mara nyingi. Pacha akaona wenzake wanahangaika na Sisimizi anabonyeza mara moja. "Pacha wangu, utaniacha nife na haya matawi?" Sisimizi akampa, akamwambia atamletea iliyo safi kesho. Kesho ikawa na kazi zake. Pacha akamgawia jirani wa meza, jirani akamgawia mwingine. Na kila aliyeitumia, ghala lilimwandika Sisimizi.

"Yaani watu wote hao wanaingia kwa jina lako?" nikamuuliza.

"Sijui ni wangapi, mama. Ndiyo najua sasa hivi, hapa."

"Na hawaoni jina lako kwenye kazi zao?"

"Wanaona. Wengine hawaangalii. Wengine wanafikiri ndivyo skripti ilivyo."

Baba yake akapaza sauti kutoka kwenye kochi: "Wema usizidi uwezo! Niliwaambia tangu zamani, huyu mtoto atabeba hata nyumba ya watu!"

"Baba, nisaidie kwa kunyamaza," binti akasema, lakini kwa upole.

Nilimwambia aufute ufunguo ule saa ile ile. Akasema anaweza kuufuta kwa mara moja, ila skripti ya kila mtu itagoma, na wiki hiyo ndiyo wanayoonyesha kazi kwa wakubwa wa kliniki. Akampigia Pacha simu mbele yangu, akaiweka sauti ya nje.

"Pacha, nani mwingine anayo ile skripti?"

"Wengi tu. Mbona, imeharibika?"

"Ina ufunguo wangu. Nataka kuufuta leo."

"Wee! Leo? Usituue, pacha. Tumalize wiki hii kwanza. Bwana Tai mwenyewe ndiyo kwanza ameizoea, ukiifuta leo atarudi kufungua matawi kwa mkono na hatutamaliza mwaka huu."

Bwana Tai ni mtu mzima aliyehamia idara yao kutoka kwenye hesabu. Anavaa tai hata siku za joto, ndiyo maana wakampa hilo jina.

"Wiki hii tu," Pacha akasema. "Kwani kuna nini? Sote ni wamoja."

Mwanangu akasema sawa. Nikamtazama. Akanigeuzia uso: "Mama, nimechoka. Wiki hii tu." Alisema kama mtu anayeomba kulala dakika chache zaidi, nami sikuwa na nguvu za kubishana na mtu aliyechoka kuliko mimi.

Siku chache baadaye simu yangu ililia ujumbe kutoka kliniki yangu ya presha. Nilikuwa nimepangiwa mchana, ujumbe ukasema nifike kesho saa mbili asubuhi. Nikaona afadhali, nitawahi kurudi kazini.

Asubuhi nilipofika sikuona mlango. Niliona migongo. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi za nje, na kila mmoja ameshika simu kama tiketi.

"Mimi ni saa mbili," anasema huyu.

"Na mimi saa mbili."

"Hata mimi! Na jina langu linaanza na herufi ya mwisho, tangu lini nikawa wa kwanza?"

Muuguzi alitoka, akatazama, akarudi ndani, akatoka tena na mwenzake ili naye aone. "Jamani, kompyuta imewapangia wote saa mbili. Kliniki zote ziko hivi. Tuvumiliane."

"Saa mbili wote! Tunakuja kupimwa au kupigwa picha ya darasa?" alisema mzee mmoja mwenye fimbo, na watu wakacheka. Mwanzoni walikuwa bado wana nguvu za kucheka.

Jua lilipopanda hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja mwenye mimba alivua kitambaa chake cha kichwani, akakitandika sakafuni na kukaa. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi akanigeukia. "Dada, aliyeandika huu upuuzi ana mama kweli?"

"Anaye," akajibu mzee wa fimbo, "ila mama mwenyewe hana presha."

Mama mwenyewe nilikuwa nimekaa pale ukutani, na presha ninayo. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Moyoni nilikuwa naomba liwe kosa la mtu mwingine yeyote, wa ofisi yoyote nyingine.

Yule mzee ndiye aliyeanguka. Alikuwa mgonjwa wa sukari, alitoka nyumbani bila kula akijua atatoka mapema. Fimbo ililia kwanza, tang, kisha yeye akateleza kwenye benchi. Wauguzi walimbeba ndani, wakamshughulikia, na baadaye wakatuambia amefumbua macho na anadai fimbo yake. Watu wakashusha pumzi. Mimi sikuweza. Nilimpigia Sisimizi, simu ikaita bila kupokelewa, nikampigia tena. Nikatoka bila kupimwa nikaenda ofisini kwao.

Redio alinipokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza. Akaniketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya kuchemshia chai. Chumba chao cha mikutano kimekatwa kwa mbao nyembamba na vioo. Mtu akikohoa ndani, unamwambia pole ukiwa nje.

"Wameanza muda mrefu?" nikamnong'oneza.

"Ndiyo kwanza. Kaa, usiingie. Ukiingia utamwaibisha."

Nilimwona Sisimizi kwa kioo, mgongo tu. Kengele amesimama. Pacha amekaa karibu na mwanangu anachezea kifuniko cha kalamu. Bwana Tai yuko mwisho wa meza.

"Ghala liko wazi, halisemi uongo," Kengele alikuwa anasema, na siku hiyo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Kazi ya saa za wagonjwa, haijakamilika, haijakaguliwa, imesukumwa moja kwa moja kwenye shina. Jina ni lako. Kila mgonjwa amewekewa saa mbili. Kuna mzee ameanguka. Nieleze."

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda ya mwanangu, na mimi niliiona nikiwa nje na birika linaanza kuchemka. Akikubali kwamba ni mkono wake, ni kosa la bahati mbaya; watu huteleza, huonywa, maisha yanaendelea. Akisema ukweli, anafungua jambo kubwa zaidi. Na akisema hajui chochote, anakuwa mwongo.

"Jina ni langu," akasema. "Sikusukuma mimi."

"Nani?"

"Sijui. Skripti ya kufungulia matawi ina ufunguo wangu ndani. Niliigawa. Kila anayeitumia, anaonekana ni mimi."

Kengele akavuta kiti akakaa. "Ufunguo wako unaruhusiwa kwenye shina."

"Ndiyo."

"Wa wenzako hauruhusiwi."

"Ndiyo. Na kuna jambo lingine. Skripti ikiuliza namba ya kazi, mtu akabonyeza bila kuandika kitu, haifungui tawi. Inabaki pale pale kwenye shina, na inasukuma pale pale. Kwangu sikuwahi kuacha wazi, kwa hiyo sikuwahi kuiwekea kizuizi."

Hapo nilielewa. Ufunguo wa mwingine ungegonga mlango wa shina ukafukuzwa. Wa mwanangu ulifunguliwa mlango bila kuulizwa.

"Nani mwingine anayo hiyo skripti?" Kengele akauliza meza nzima.

Nilimtazama Pacha mpaka macho yakaniuma. Pacha alikuwa ameinamia kalamu. Redio kando yangu akanong'ona, "Sema, we mtoto, sema," na safari hii hakusema kwamba hayumo.

Aliyesema ni Bwana Tai. Alilegeza tai yake kwanza, kama iliyokuwa inamkaba. "Nadhani ni mimi. Nilikuwa najaribu zile saa, nikaweka saa mbili kwa kila mtu ili nione kama zinaonekana kwenye ujumbe. Jioni nikasukuma. Asubuhi, wakati wa kufungua tawi, ilikuwa imeniuliza namba, sikuikumbuka, nikabonyeza tu. Nilijua inakwenda kwenye tawi. Ndivyo nilivyoambiwa, kwamba inajua yenyewe."

"Na jina la Sisimizi juu ya kazi yako hukuliona?"

"Nililiona. Nikafikiri ndiye mwenye chombo."

Kengele akamwambia Bwana Tai kwamba atapewa onyo tu, kwa kuwa alitumia chombo kama alivyopewa. Akamgeukia mwanangu.

"Ungekuwa umekosea kusukuma, leo ningekugombeza na kesho tungeendelea. Lakini kliniki zimetuamini kwa majina ya wagonjwa, na magonjwa yao, na namba zao za simu. Umeacha ufunguo wa hayo yote unazunguka mezani kama chumvi. Ulijua lini?"

Angeweza kusema amejua leo. Mashahidi tulikuwa mimi, baba yake na Pacha, na hakuna ambaye angesema.

"Wiki hii," akasema. "Kabla ya hili. Niliombwa nisubiri, nikasubiri."

"Nani alikuomba?"

Akatikisa kichwa. "Ufunguo ulikuwa wangu. Wa kuufuta nilikuwa mimi."

Pacha hakuinua uso. Na hivyo ndivyo mwanangu alivyopoteza kazi, mchana kweupe, kwa sauti ya chini, watu wote wakiwa wamekaa. Kengele alimwambia akiulizwa na mwajiri mwingine atasema yote mawili: kwamba ni mfanyakazi hodari na kwamba aligawa ufunguo.

Tulitoka pamoja. Kwenye ngazi Pacha akatukimbilia, macho mekundu.

"Pacha, ningesema nini? Nina wadogo zangu wananitegemea."

"Hata mimi nina watu, huyu hapa," mwanangu akasema akinionyesha. "Nenda, utaonekana."

"Umenikasirikia?"

"Nimechoka. Kukasirika kuna kazi yake, siiwezi leo."

Nilitaka kumwambia yule binti maneno, na nilikuwa nayo mengi, ya moto wa pasi. Sisimizi akanishika mkono akanivuta. Tukatembea. Njiani akaniuliza kama nimepimwa presha. Nikasema bado. Akasema turudi basi, foleni itakuwa imepungua. Tukarudi. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye benchi anakula mkate aliopewa na wauguzi, fimbo katikati ya magoti. Mwanangu alimwendea, akachuchumaa mbele yake, akamwambia jambo ambalo sikulisikia. Mzee akamtazama, akatafuna, akameza.

"Kumbe ni wewe," akasema kwa sauti. "Haya, kaa hapo usubiri kama sisi."

Akakaa. Alisubiri nami mpaka nikapimwa, na presha ilikuwa juu.

Sasa yuko nyumbani anatafuta kazi, na mara nyingi namkuta amelala mchana na nguo za kutokea. Aliniruhusu kuandika haya, na ya kitaalamu katika haya hapa chini alinitajia mwenyewe. Mengine ni yangu.

Mambo ya kuepuka:

Usiandike ufunguo wala neno la siri ndani ya skripti, hata kama ni ya kwako peke yako na hata kama ni ya kujaribia.

Usimpe mtu chombo ulichotengeneza kabla ya kukisafisha. Akikuharakisha, mwache asubiri.

Usitumie kwa kazi ya kila siku ufunguo unaofungua shina.

Usiache skripti ijiamulie pa kusukuma. Jina la tawi likikosekana, isimame na iseme kwamba imesimama.

Usibonyeze kwa sababu umeambiwa inajua yenyewe. Soma imekuuliza nini.

Usinyamaze ukiona jina la mwenzako juu ya kazi uliyoifanya wewe.

Usikubali "wiki hii tu". Ufunguo ukitoka mkononi, ufute siku hiyo hiyo, wacha kazi za watu zigome.

Usifanye mambo ya funguo ukiwa umechoka. Lala kwanza.

Na wewe mzazi, usione aibu kumuuliza mtoto kazi yake inafanywaje, hata kama hutaelewa nusu.